Seti ya kufunga nzi wa kuvulia, na Jumamosi nne kwa mama fundi: uzoefu wangu

Mwezi wa Januari nilinunua kwa shilingi 6,500 seti ya wanaoanza kufunga nzi wa kuvulia. Mwezi wa Machi nikaanza kulipa shilingi 1,500 kila Jumamosi, Jumamosi nne, nikae kando ya mama mmoja wa Nairobi aliyeifanya kazi hiyo kiwandani miaka 22. Kama mfuko wako unatosha kimoja tu, mlipe mama.

Kwa asiyewajua, nzi hawa ni ndoana iliyovishwa manyoya na nyuzi mpaka samaki aione kama mdudu au kisamaki. Mimi huvua trauti kwenye mito ya baridi inayoshuka Mlima Kenya na Nyandarua. Wa kwanza wa samaki hao waliletwa kutoka Scotland mwaka 1905 na kutiwa kwenye mto Gura, na mpaka leo nzi ndiye chambo chao hasa. Lakini nzi wa dukani ni ghali, na kila anayenasa kwenye tawi la ng'ambo amekwenda. Nilitaka kufunga wangu.

Ndani ya boksi mlikuwa na jiliwa dogo la kubana ukingoni mwa meza, bobini ya kushikia uzi, mkasi, koleo la unyoya, uzi mweusi, ndoana za namba 8 na 12, na mifuko ya manyoya. Karatasi ya maelekezo haikusema kwamba namba za ndoana huenda kinyume, yaani 12 ni ndogo kuliko 8. Mkasi ni mzuri sana, ncha zake nyembamba, na bado ndio ninaoutumia. Koleo nalo halina kasoro.

Jiliwa ndilo lililonitesa. Meno yake ni ya chuma laini. Unabana ndoana ya namba 12, unakaza uzi kidogo tu, ndoana inateleza na kuinama, uzi unalegea, na kila ulichokwisha kufunga kinazunguka kama skafu. Bobini ikawa inakata uzi, wakati mwingine mara tano kwa nzi mmoja. Manyoya mekundu yalichuja rangi nilipoyalowesha. Niliwaandikia wauzaji, wakaomba picha, nikatuma, kisha kimya mpaka leo. Kwa majuma sita niliamini mikono yangu ndiyo mibovu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi ya pesa, kwa sababu najua yuko mtu aliyenunua seti kama hiyo akaacha.

Kumpata mama kulikuwa bahati ya kuulizia. Wakenya wengi hawajui kwamba kwa miaka mingi nchi hii imekuwa ikifunga nzi na kuwauza Ulaya na Marekani, na kwamba wengi wanaoketi kwenye meza hizo ni akina mama. Yeye alilipwa kwa dazeni, kwa hiyo mkono wake hauna hata mzunguko mmoja wa uzi usio na kazi. Ukimtazama akifunga, unaona kitu kama ususi.

Jumamosi ya kwanza nilimweleza habari ya uzi kukatika. Akaichukua bobini, akaupitisha mdomo wa mrija wake juu ya soksi ya nailoni. Ikashika. "Umeona inavyong'ang'ania? Hii ina ukali ndani. Si mikono yako, mwanangu." Akaniazima yake yenye mrija wa kauri, na siku ile uzi haukukatika hata mara moja.

Hatukugusa unyoya mpaka saa sita. Asubuhi nzima ilikuwa uzi juu ya ndoana tupu: zungusha, kaza, fumua, anza tena. Alitaka nijue kwa kidole uzi unakaribia wapi kukatika, kisha nifanye kazi chini kidogo tu ya hapo. "Ukiulegezea, nzi atafumuka kabla hajalowa." La pili lilikuwa kuacha nafasi ya kichwa. Nzi wangu wote wa mwanzo walijaa mpaka kwenye tundu la ndoana, fundo la kumalizia likakosa pa kukaa na mshipi ukakosa pa kupita. La tatu, ambalo nililitazama kwenye video mara nyingi bila kulielewa: bana unyoya kwa kidole gumba na cha shahada, pitisha uzi katikati ya vidole ukiwa umelegea, ndipo uuvute wima. Ukiuvuta kwa pembeni, unyoya unahama. Alinishika vidole akavipanga, nikaelewa papo hapo.

Jumamosi ya pili na ya tatu zote zilikwenda kwa nzi mmoja, Woolly Bugger, ambaye Russell Blessing wa Pennsylvania anatajwa kuwa mbunifu wake, mwaka 1967. Mkia ni wa manyoya laini yaitwayo marabu. Jina hilo lilitokana na ndege wetu kongoti, ingawa siku hizi manyoya yenyewe ni ya bata mzinga. Mkia uwe na urefu wa mti wa ndoana, usizidi. Mwili ni sheneli, yaani uzi mnene wenye vinyweleo, na juu yake unyoya wa jogoo unaozungushwa kwa nafasi kutoka mkiani hadi kichwani. Majini mkia unapumua, na samaki anaweza kumwona kama ruba, kisamaki au lava wa kereng'ende. Mama hufungia unyoya kwa waya mwembamba wa shaba ili meno ya samaki yasiufumue. Waya huo mimi huupata kwa fundi redio, kutoka kwenye koili zilizokufa, bila kulipa kitu. Manyoya ya shingo ya jogoo wa kienyeji yanafaa kabisa kwa nzi huyu, na ya kanga yenye madoa hupendeza kwa ndevu za nzi wa kuzama. Nzi wa kuelea ndiye anayedai manyoya magumu ya majogoo wanaofugwa kwa kazi hiyo, na hayo ni ghali.

Jumamosi ya nne tulirudia tu. Ningependa angenifundisha nzi wa kuelea, na kwa bei ile nilitarajia hivyo, lakini alisema mkono wangu bado, na alikuwa sahihi.

Nikirudi nyuma nitanunua jiliwa zuri peke yake hata likila nusu ya bajeti, bobini ya kauri, ndoana za namba 8, sheneli na marabu nyeusi. Basi.

Mwezi wa Mei nilikwenda mto Thego na nzi tisa. Watatu wa Januari walifumuka kabla ya saa nne. Woolly Bugger wa Jumamosi ya tatu alishika trauti wawili. Nilimpelekea mama picha za samaki pamoja na nzi mwenyewe, mkia umetafunwa, unyoya umekatika sehemu mbili. Picha alizipitia haraka. Nzi alimgeuza dirishani kwa muda mrefu, akalikwaruza fundo kwa ukucha. Kwa miaka 22 aliwafunga wakaondoka kwenye maboksi, na hajawahi kushika aliyetoka mdomoni mwa samaki. Akaniomba nimwachie.