Bedford ya babu: kufufua injini yake au kufunga ya Isuzu?

Bedford TJ yetu, lori la zamani la babu, imelala miaka mingi bandani Kibosho, pembeni ya migomba. Injini yake ni dizeli ya silinda 6, iliyotoka nayo kiwandani Uingereza. Tuifufue, au tufunge ya Isuzu?

Isuzu ina sifa moja kubwa: vipuri. Ringi za pistoni, nozo (zinazopulizia dizeli kwenye silinda), filta, vyote unavipata Moshi mjini siku hiyohiyo. Ila injini ngeni inataka maunting mpya (vishikio vya injini kwenye chesisi), gia boksi ikubaliane nayo na propela, shafti inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, ikatwe au iongezwe. Namba ya injini nayo ikibadilika, lazima TRA (Mamlaka ya Mapato) warekebishe kadi ya gari.

Injini ya zamani inataka subira zaidi kuliko pesa. Usikimbilie stata! Pistoni zilizoshikwa na kutu zikilazimishwa hupasua ringi. Sisi tulifungua nozo zote 6, tukamimina dizeli iliyochanganywa na oili kila silinda, tukaacha siku nne. Siku ya tano fundi akaweka spana kwenye nati ya puli ya mbele, akavuta taratibu. Ikasogea upana wa kidole. Mjomba alinishika bega, hakusema neno.

Sasa tenki lioshwe, dizeli iliyooza imwagwe, oili mpya iwekwe, kisha tutoe upepo kwenye pampu ya dizeli.

Ningekuwa nabeba mchanga kila siku, ningefunga Isuzu. Hii ni ya kushusha ndizi sokoni Jumamosi, na mlio wake nataka uwe uleule.