Stili ya Pedali na Isiyo na Pedali: Sikio Lianzie Wapi?
Anayetaka kuiga gitaa la stili, yaani lile linalopigwa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, katika rekodi za kale za muziki wa kantri wa Marekani, hana budi kwanza kutambua ni stili ipi anayoisikia: yenye pedali za kukanyagwa kwa mguu au isiyo nazo. Katika rekodi za mwimbaji Hank Williams, Don Helms alipiga isiyo na pedali: kipande cha chuma kinapoteleza juu ya nyuzi, sauti zote hupanda au kushuka pamoja, hivyo sehemu zake, kali na za juu, hushikika upesi.

Mwaka 1954 mpiga stili Bud Isaacs alisikika katika “Slowly”, wimbo wa mwimbaji Webb Pierce, akikanyaga pedali huku nyuzi zikiendelea kulia. Hapo sauti moja hutulia ilhali nyingine zinapanda, jambo ambalo chuma peke yake hulifanya kwa shida, tena kwa kulazwa mshazari. Katika E9, mojawapo ya mipangilio ya sauti za nyuzi, pedali moja huivuta noti ya B hadi C♯, na nyingine G♯ hadi A. Ukizikanyaga zote mbili, kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) ya E hugeuka A bila chuma kusogea hata kidogo.

Mimi ningeanza na Helms, ingawa pedali zinavutia zaidi. Ukifika kwa Isaacs, punguza kasi ya rekodi, uitafute kwanza ile sauti iliyotulia.