Vortech, ProCharger au Rotrex? Nilivyochagua supachaja ya Fairlady yangu Mombasa

Naendesha Nissan Fairlady Z33 hapa Mombasa mwaka wa sita sasa, na miaka miwili kati ya hiyo injini imekuwa na supachaja, yaani pampu inayoisukumia hewa zaidi. Kabla ya kununua nilikaa karibu mwaka mzima nikipima Vortech, ProCharger na zile za roli, yaani HKS na Rotrex. Jioni nikiegesha ufukweni Mama Ngina, boneti ikiwa wazi, vijana hunizunguka na swali ni lilelile: ipi ina nguvu zaidi? Zote zina nguvu za kutosha kuivunja injini ya kiwandani. Kwa mtu wa pwani swali la kwanza ni jinsi inavyopata oili, na la pili ni jinsi inavyopoza hewa.

Nianze na kwa nini sikuweka tabo. Supachaja ya sentrifuga ina konokono la kusukuma hewa kama la tabo, ila haizungushwi na moshi, inazungushwa na mkanda kutoka kwenye krankishafti, shafti kuu ya injini. Presha yake hupanda kwa mraba wa kasi ya injini: ukiongeza mizunguko mara mbili, presha yakaribia mara nne. Yangu inafika psi 7 (kipimo cha presha) kwenye mizunguko 6,600 kwa dakika. Kwenye 3,300 haifiki hata 2. Wako wanaoiona hiyo kasoro. Mimi ndiyo niliyoitaka. VQ35DE, injini ya gari hili, ni ngumu lakini konrodi zake, ile mikono inayoshika pistoni, si za kuchezewa, na kinachozikunja ni msukumo mkubwa unaokuja injini ikiwa bado iko chini. Tena nusu ya maisha ya gari hili ni foleni ya Nyali. Pale sihitaji presha hata kidogo, nahitaji gari litambae kama lilivyotoka kiwandani, nalo latambaa hivyo.

Sasa oili. Vortech wana modeli za V-1 na V-2 zinazokula oili ya injini: unavuta mpira wa kuingizia, kisha unatoboa sampu, bakuli la oili chini ya injini, ili oili irudi. Kutoboa sampu ya gari lisilo na kasoro sikukubali, ingawa najua waliofanya na hawajajuta. V-3 ina oili yake ndani, haigusi ya injini. ProCharger nayo ina yake. Hiyo ni sifa yao ya miaka mingi, hao watu wa Kansas. Tofauti iko kwenye ratiba. ProCharger wanataka oili ya kwanza imwagwe baada ya maili 500, halafu kila maili 6,000. V-3 ni maili 2,500 mwanzo, kisha kila 7,500, ambayo ni kama kilomita 12,000.

Rotrex, kutoka Denmark, ndiyo iliyoninyima usingizi, maana nilivyoipenda sivyo nilivyoweza kuilisha. Ndani hamna gia za meno. Kuna roli laini zinazobanana, na oili maalumu katikati yake ndiyo inayoshika na kupitisha mzunguko. Haipigi kelele, na konokono dogo linazunguka hadi mara 90,000 na zaidi kwa dakika. HKS wa Japani wanatumia roli vilevile. Lakini oili hiyo haina mbadala. Ukitia nyingine roli zitateleza, na zikiteleza zimekwisha. Ina tangi lake, mipira yake na radieta yake ndogo. Nilizunguka maduka ya spea mjini siku mbili kuitafuta, wapi! Mtu wa Nairobi anayeagiza vitu kila mwezi huenda akaiweza. Mimi niliona siku mpira ukipasuka Mtwapa, gari litalala wiki tatu likingoja kifurushi.

Nikachukua Vortech V-3, ile yenye gia za mshazari zisizolia sana. Binamu yangu aliye Marekani aliinunua akaipakia kwenye kontena la watu wa kwetu, ikashukia Kilindini. Weka hesabu ya ushuru na VAT ya asilimia 16 mapema, na uhesabu na usafiri ndani yake, kwani bei ya kwenye tangazo si bei ya kwenye gereji.

Ufungaji wa kwanza uliniumiza. Fundi niliyempa kazi aliifunga pulii ikiwa imekaa nje kidogo, na wiki ya pili mkanda ukaanza kulia asubuhi, unga mweusi ukatanda kwenye boneti, presha ikashuka kutoka 7 hadi 4. Nilimpelekea mzee mmoja wa Shimanzi. Hakufungua kitu. Aliweka rula ya chuma kwenye pulii mbili, akaniita: "Njoo uone mwanangu, mwanga wapita hapa." Ulipita kweli, upana wa sarafu mbili. Akachonga vikalio, akapanga upya, na mkanda haujalia tena. Ukifungiwa supachaja ya jina lolote lile, ulizia hiyo rula kabla ya kulipa.

Joto nalo halina utani. Seti yangu inapoza hewa kwa maji, yenye pampu na radieta yake. Ya ProCharger inapoza kwa upepo tu, haina pampu ya kufa, lakini inataka gari liwe linakwenda. Msimu wa kaskazi, kwenye foleni, geji yangu ya hewa inayoingia husoma nyuzi 68 za Selsiasi. Nikishavuka na kushika barabara ya Dongo Kundu, dakika chache inashuka hadi 50. Ikiwa 68 siipigi resi hata kwa kushawishiwa. Aliyenipangia kompyuta ya injini aliipunguza taimingi, yaani plagi zinachelewa kidogo kutoa cheche, kwa ajili ya petroli yetu, tukapoteza kama nguvu za farasi ishirini, na nilimshukuru. Daino, mashine ya kupimia nguvu za gari, ilisoma farasi 322 kwenye magurudumu. Plagi zikitolewa ni kahawia safi, na injini haijagonga hata siku moja.

Mwenye V8 yenye nafasi mbele, kama Mustang, ningemwelekeza ProCharger bila kusita. Mwenye gari dogo anayetaka ukimya na anayo njia ya kupata oili, Rotrex. Kwa Z33 ya kwendea kazini kila siku hapa kisiwani, ningerudia V-3, na ningeanzia kwa yule mzee. Chupa mbili za oili ya V-3 ziko kabatini, mkanda wa akiba uko kwenye buti, na kila Jumapili nafungua boneti napangusa chumvi kwenye vifungo vya pulii, maana upepo wa bahari huvila upesi.