Mchaichai au kivumbasi: upi upandwe karibu na jiko?

Kwa chai, mchaichai hauna mshindani. Majani mawili au matatu hufungwa fundo na kutumbukizwa katika maji yanayochemka, na muda si mrefu harufu yake ya ndimu, itokanayo na kemikali iitwayo sitrali, huenea katika sufuria nzima. Kwa kuwa kinywaji hicho hakina kafeini, hufaa kunywewa hata usiku, na wengi hukitumia kutuliza tumbo lililojaa gesi. Wakati wa kuvuna ni vyema kutumia kisu, kwani kingo za jani lake hukata vidole.

Kivumbasi nacho hutumiwa na wenye mafua, ambao hujifukiza kwa mvuke wake (watoto wakae mbali na sufuria hiyo ya moto), ila ladha yake ni kali mno kwa chai ya kila siku. Sifa yake kubwa iko chumbani: matawi mabichi yaliyopondwa kidogo na kuning'inizwa dirishani, au makavu yakichomwa jioni, husaidia kufukuza mbu. Hata hivyo, hakuna hata mmoja kati ya mimea hii unaoweza kuchukua nafasi ya chandarua chenye dawa, na familia yenye mtoto mchanga isithubutu kukiacha.

Penye nafasi ya mmoja tu, ningepanda mchaichai, kwa sababu shina lake hudumu miaka kadhaa na hugawanywa kwa urahisi, ilhali kivumbasi hujiotea chenyewe kandokando ya uzio.