Filamu inayojua kungoja: tulivyoitazama "My Neighbor Totoro"

Mama watoto alilazwa katikati ya masika. Tuliambiwa siku nne, zikawa wiki tatu. Nyumbani nikabaki na kijana wa miaka tisa na binti wa miaka minne, na jioni ndizo zilikuwa ngumu, maana ndipo binti alipouliza, "Mama anakuja leo?" Jioni moja nikaingia Netflix kuwatafutia katuni yoyote ndefu. Nikaona picha ya msichana amesimama kituo cha basi kwenye mvua, kando yake dude kubwa lenye manyoya, limetulia kama na lenyewe lina safari. Nikabonyeza.

Robo saa baadaye nilitamani kuzima. Hadithi yenyewe ni ya baba na binti zake wawili, Satsuki na Mei, wanaohamia nyumba kuukuu shambani, nje ya Tokyo, ili wawe karibu na hospitali alikolazwa mama yao. Nikasema moyoni, nimewaletea watoto kidonda chao wenyewe. Nikamtazama binti. Alikuwa amekaa mbele kabisa ya kiti, mikono magotini, hapepesi macho. Mei naye ana miaka minne. Nikaiacha iendelee, na hadi leo tumeiona zaidi ya mara kumi.

Kwa asiyeijua: ni filamu ya mwaka 1988, ya dakika 86, iliyoandikwa na kuongozwa na Hayao Miyazaki wa Studio Ghibli, studio ya katuni ya Japani. Muziki ni wa Joe Hisaishi. Mambo yanatokea miaka ya 1950, kijijini, kwenye mashamba ya mpunga na msitu wenye mti mmoja mkubwa sana wa kafuri. Ndani ya mti huo anaishi Totoro, lile dude lenye manyoya. Jina hilo ni Mei aliyelitoa, akijaribu kutamka neno la zimwi alilolijua kwenye kitabu cha hadithi. Hapo nikacheka, kwa sababu mazimwi niliyosimuliwa mimi na bibi yangu yalikuwa ya kumeza watoto. Hili linalala. Mei analipanda tumboni, linapiga mwayo, naye anasinzia juu yake. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, lakini hili halina hata njaa.

Ninachotaka wazazi wenzangu wakijue ni hiki: humo hakuna adui. Hakuna mchawi, hakuna mfalme mbaya, hakuna vita ya mwisho. Kijana wangu alizoea katuni ambazo kila baada ya dakika mbili kuna kinacholipuka, na mwanzoni aliniuliza mara tatu, "Baba, haijaanza?" Ilikuwa imeshaanza. Dada wawili wanafungua madirisha ya nyumba yenye vumbi, wanafukuza vidude vyeusi vya masizi vinavyokimbilia kwenye nyufa, wanapampu maji kisimani. Kufikia nusu saa aliacha kuuliza.

Nikaona pia jinsi yule baba anavyowasikiliza watoto. Mei anaporudi akidai amemwona Totoro na njia ya kumfikia haionekani tena, dada yake na baba yake wanacheka, naye anakasirika kuwa yeye si mwongo. Baba anaacha kucheka. Anamwambia anaamini, kwamba pengine amekutana na mwenye msitu, na hao hawaonekani kila siku. Kisha anawachukua wote wawili hadi kwenye ule mti, anausalimu, anaushukuru kwa kumwangalia mtoto. Wanainama kwa heshima, kisha wanarudi nyumbani mbio. Mimi ni baba, na nimewahi kumwambia mwanangu "acha uongo" kwa jambo dogo kuliko hilo. Sehemu hiyo inanigusa kila mara.

Tuje kituo cha basi. Baba amechelewa, Satsuki amempelekea mwavuli, giza limeingia, mvua inanyesha, Mei amesinzia mgongoni kwa dada yake. Basi linakuja, baba hayumo. Wanaendelea kungoja. Kando anatokea Totoro, kichwani ana jani moja tu, maji yanamchuruzika. Satsuki anampa ule mwavuli wa baba. Totoro hajui kazi yake. Tone moja linaanguka kutoka mtini, linagonga kitambaa: to! Macho yanamtoka. Jingine: to! Anatabasamu meno yote. Kisha anaruka juu, anatua, ardhi inatikisika, na matone yote ya miti yote yanamwagika kwa mkupuo juu ya mwavuli. Ndipo linakuja basi ambalo lenyewe ni paka, lenye miguu kumi na miwili na macho kama taa za gari, linamchukua, na mwavuli anaondoka nao. Halafu basi la kawaida linafika, na baba anashuka.

Kwa dakika hizo zote hakuna kinachotokea zaidi ya kungoja mtu anayechelewa. Mabati yetu wenyewe yalikuwa yanapigwa na mvua ya kwetu, na mle ndani hakuna aliyesema neno. Sijaona filamu nyingine ya watoto inayojua kwamba kungoja ni kazi nzito kwa mtoto, na inayokaa naye kituoni hadi basi lije.

Baadaye nilisoma kwamba Miyazaki mwenyewe utotoni mama yake aliugua kifua kikuu cha uti wa mgongo kwa miaka. Sikushangaa. Hofu ya Satsuki pale inapokuja simu ya maandishi kutoka hospitali si ya kubuni. Ni dada mkubwa ambaye amejikaza, amepika, amefunga vyakula vya shule, kisha mbele ya bibi jirani anapasuka kulia: je, mama akifa? Kijana wangu alihamia kwenye kochi langu wakati huo. Hakusema kitu, nami sikumuuliza.

Sasa tahadhari. Kuna sehemu Mei anapotea, wanakijiji wanapekua bwawa, kunaokotwa ndala. Mtoto mwoga akae karibu na mtu mzima. Pia kuna baba anayeoga na binti zake kwenye beseni kubwa la maji moto. Huko Japani ni desturi ya nyumbani, lakini mwelezeni mtoto atakayeuliza. Na lugha: tuliitazama kwa sauti ya Kiingereza, nami nikawa namtafsiria binti palepale, kama wale watafsiri wa vibanda umiza. Kama watoto wenu wanasoma upesi, wekeni Kijapani chenyewe na maandishi chini. Sauti ya Mei mwenyewe ni tamu zaidi.

Kwamba filamu hii haijazeeka, si mapenzi yangu tu. Totoro ndiye nembo ya studio yao. China iliipokea kwenye majumba ya sinema Desemba 2018, miaka 30 baada ya kutoka. London ikaifanya mchezo wa jukwaani mwaka 2022. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba kule kwenye vilima vya Sayama, karibu na Tokyo, vilivyompa Miyazaki mandhari yake, watu wamekuwa wakichanga fedha na kununua vipande vya msitu ili visikatwe, na misitu hiyo wanaiita ya Totoro.

Mei alipotea kwa sababu alikuwa anampelekea mama hindi. Bibi jirani aliwaambia mboga za shambani kwake zingemponya, basi akalikumbatia hindi moja na kushika njia peke yake. Asubuhi baada ya kuitazama, binti yangu alidai hindi. Nilimnunulia la kuchoma kwa mama wa kona, tukalifunga kwenye gazeti. Wodini watoto wadogo hawaruhusiwi, akabaki getini na shangazi yake, mimi nikapanda nalo. Mke wangu alilishangaa. Daktari alikuwa bado hajamruhusu vyakula vigumu. "La nini?" Nikamwambia katoa mwanao. Akaliweka dirishani.

Aliporudi nyumbani alikuta watoto wanaitazama tena, akakaa nasi, shuka begani. Mwishoni Satsuki na Mei wako juu ya mti nje ya hospitali, wanawachungulia wazazi wao wakicheka. Mama wa kwenye filamu anageukia mti, na baba anakuta dirishani hindi, kwenye maganda yake pamechorwa maneno: kwa mama.

Mke wangu akanigeukia. "Kumbe," akasema, akamvuta binti mapajani.