Toyota Spacio New Model kama Gari la Familia: Uzoefu Wangu Tangu Kulitafuta Hadi Kulitumia

Nimetumia Toyota Spacio ya toleo la pili, ile ambayo hapa Dar es Salaam huitwa Spacio new model, kwa miaka kadhaa sasa, na ninaipendekeza kwa dhati kwa familia yenye watoto na kipato cha kawaida. Sharti langu ni moja: mnunuzi aulize injini kabla ya kuuliza bei. Jina lililobandikwa nyuma ya gari linaweza kubeba injini mbili au tatu zenye tabia tofauti kabisa, na tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama gari litawapeleka watoto shule au litalala kwa fundi.

Bajeti yetu mimi na mume wangu ilikuwa shilingi milioni 12, na tulikubaliana tangu mwanzo kwamba fedha hiyo ingetosha bei ya gari, uhamisho wa umiliki, bima na matengenezo ya kwanza, kwa hiyo gari lenyewe lisizidi milioni 10. Tulifikiria kuagiza kutoka Japani. Nilipoingiza takwimu kwenye kikokotoo cha mtandaoni cha Mamlaka ya Mapato (TRA), niliona kwamba kodi pekee ingekaribia bei ya gari pamoja na usafiri wake wa meli, kwa sababu gari lenye umri wa zaidi ya miaka 10 hutozwa pia ushuru wa uchakavu. Hapo tukaamua kutafuta gari la mkononi, namba D (lenye usajili wa herufi zinazoanza na D), lililokwisha kulipiwa kila kitu.

Mahitaji yetu yalikuwa wazi: watoto watatu, mama mkwe wangu mwenye maumivu ya magoti, na safari ya Iringa kila inapowezekana. IST tuliiondoa mapema kwa sababu buti lake ni dogo. Raum new model tuliifikiria sana, kwa kuwa milango yake ya nyuma huteleza na sakafu yake iko chini, jambo ambalo ni faraja kubwa kwa mtu mzima. Hata hivyo ina viti vitano tu, nasi mara nyingi tunakuwa sita. Zikabaki Noah, Wish na Spacio.

Hapo ndipo suala la injini lilipotushika. Noah zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2001 hadi 2007 zina injini ya 1AZ-FSE ya lita 2.0, ambayo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa msukumo mkubwa. Wajapani waliziandika D-4. Ni injini nzuri ikiwa na mafuta safi na fundi anayeifahamu, lakini pampu yake ya msukumo na nozeli zake ni ghali, na njia zake za hewa hujaa masizi. Wish ya lita 2.0 ilikuja na injini hiyohiyo, ilhali Wish ya lita 1.8 ina 1ZZ-FE, ambayo matoleo yake ya miaka ya mwanzo ya 2000 yanajulikana kwa kula oili, kwa sababu matundu ya kurudisha oili kwenye pistoni yalikuwa madogo na ringi zikaganda. Spacio new model nayo huja na injini mbili: 1ZZ-FE hiyohiyo ya lita 1.8, na 1NZ-FE ya lita 1.5. Wauzaji wengi huitangaza ya lita 1.8 kama ubora wa ziada. Kwa familia yenye bajeti kama yetu mimi naona kinyume chake, na sikukubali hata kwenda kuiangalia.

1NZ-FE ndiyo injini iliyomo pia ndani ya Raum new model, IST za lita 1.5, Probox na Corolla nyingi za kipindi hicho. Maana yake kwa mtumiaji ni kwamba ukifika Gerezani, Kariakoo, vipuri vyake vipo dukani, na fundi wa mtaa wowote ameshaifungua. Inatumia mnyororo wa taimingi badala ya mkanda, tofauti na Spacio old model yenye 4A-FE, ambayo mkanda wake unapaswa kubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Giaboksi yake ni otomatiki ya kawaida yenye gia nne, si CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua. Hilo nilizingatia makusudi, kwa kuwa CVT hutaka oili yake maalumu, na mtu aliyemiliki gari kabla yako akiwa aliwahi kuimwagia oili ya kawaida, gharama utaibeba wewe.

Ukaguzi tuliufanya na fundi mzee wa Ilala ambaye tulimlipa kwa kila gari alilokagua, hata lile tulilolikataa. Naliona hili kuwa jambo la msingi, kwa sababu fundi anayelipwa na dalali pale dili linapokamilika hana sababu ya kukwambia ukweli. Dalali mmoja alituletea Spacio inayong'aa, bei nzuri, matairi mapya. Mzee aliweka kiganja juu ya boneti, akanigeukia: "Mwanangu, hili limewashwa mapema. Mwambie tutarudi alfajiri, likiwa la baridi." Tuliporudi asubuhi, lilipowashwa tu likatoa moshi wa bluu, dalili ya injini inayochoma oili, kwa dakika nzima kabla ya kutulia. Tukaaga.

Kwenye gari lingine alinionyesha kitu ambacho nadhani kila mnunuzi wa Tanzania anapaswa kukijua. Feni ya rejeta ilianza kuzunguka mara tu swichi ilipofunguliwa, wakati injini bado ni baridi. Mtu alikuwa ameiunganisha moja kwa moja na themostati, kifaa kinachodhibiti joto la injini, ameiondoa kabisa. Mafundi wetu wengi hufanya hivi gari linapochemsha, badala ya kutafuta chanzo, ambacho huwa ni rejeta iliyoziba, pampu ya maji iliyochoka au gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Gari la namna hiyo litatembea vizuri mjini mbele ya mnunuzi, lakini injini haifiki joto lake la kazi, mafuta yanaliwa zaidi, na historia ya kuchemsha inabaki imefichwa. Fungua kifuniko cha rejeta gari likiwa la baridi tu, uangalie: maji yenye kutu yanasema mwenye gari alikuwa anaongeza maji ya bomba, na utando wa mafuta juu yake ni sababu tosha ya kuondoka.

Kilomita za dashibodi hatukuzitegemea. Tuliangalia mpira wa pedali ya breki, usukani ulivyosuguliwa, na kiti cha dereva kilivyolegea, kisha tukalinganisha na namba iliyoandikwa. Tulinyanyua zulia la miguuni na kutazama shimo la tairi la akiba kama kuna matope yaliyokauka au kutu, kwa sababu katika jiji linalofurika maji Jangwani na kwingineko, magari yaliyozama huoshwa na kurudi sokoni, na matatizo yake ya umeme hayaishi. Oili ya giaboksi iliangaliwa rangi na harufu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, hakuna cha kujadili. Mwisho mzee aliweka gia kutoka P hadi D na R huku breki imekanyagwa, akisikiliza kama gari linachelewa kushika au linagonga.

Gari tulilolichukua lilikuwa la mwalimu mstaafu wa Tegeta, ambaye alikuwa ametunza risiti za sevisi kwenye bahasha pamoja na kadi ya umiliki wa gari. Rangi ilikuwa imepauka kwenye paa, na bampa la nyuma lilikuwa na ufa. Nilifurahi kuviona, kwa kuwa vilishusha bei bila kugusa kitu chochote kinachofanya gari litembee. Kadi ilikuwa kwa jina lake mwenyewe, namba ya chasisi tuliisoma kwenye gari na si kwenye karatasi, deni la faini za barabarani tuliliangalia kwenye mfumo wa polisi wa trafiki, na mkataba tukausaini mbele ya wakili. Ikiwa muuzaji anasema kadi "ipo kwa mtu", fedha yako ibaki mfukoni, kwani huenda gari hilo limewekwa dhamana ya mkopo.

Fedha tuliyoibakiza ilikwenda kwenye oili zote, plagi, bushi za mbele, breki, matairi mawili na betri. Tangu hapo, mbali na sevisi za kawaida, tumebadilisha koili moja ya plagi, iliyokuwa inafanya injini itetemeke kwenye foleni, na maunting moja ya injini, yaani mpira unaoishikilia. Mjini, pamoja na foleni za Mwenge na Ubungo, lita 1 hunipeleka kilomita 10 hadi 11. Safarini hufika 14. Mlima Kitonga linaupanda polepole likiwa limejaa watu na mizigo, na mshale wa joto haujawahi kuvuka katikati. Wakati wa kushuka tunatumia gia ya 2 ili breki zisipate moto, na ningemsihi kila dereva wa otomatiki afanye hivyo.

Kasoro zipo. Viti vya safu ya tatu vinafaa watoto tu, na vikikaliwa buti linabaki la begi moja. Gari liko chini, hivyo barabara ya vumbi ya kijijini kwetu wakati wa masika hulishinda, na matuta makubwa hugusa tumbo lake likiwa limejaa. Shokapu za nyuma zinachoka upesi kwa sababu hiyohiyo. Familia inayoishi mahali pasipo na lami, au yenye watu wazima sita wanaosafiri pamoja kila mara, isilichukue hili. Kwao ningeshauri Noah old model, SR40, yenye injini ya 3S-FE, ambayo ni ya kizamani na inakula mafuta zaidi lakini haina mfumo wa D-4. Kwa familia ya mjini yenye watoto wadogo, mzee mmoja na safari chache za mkoani, Spacio ya 1NZ-FE iliyokaguliwa ikiwa ya baridi ndilo gari ambalo ningelinunua tena kwa fedha ileile, na mama mkwe wangu, ambaye hukaa kiti cha mbele kwa kuwa hapo hahitaji kujikunja wala kupanda, amesema vivyo hivyo.