Mwalimu aliyenizamishia jua Mikindani

Msijiandikishe. Nimelitanguliza neno hilo kwa ajili ya mwenye haraka. Aliye na nafasi akae anisikilize, maana jambo hili ninalo moyoni tangu msimu wa korosho uliopita na bado nikilikumbuka mikono inatetemeka.

Nazungumzia darasa moja la kuchora na kupaka rangi hapa Mtwara mjini. Jina silitaji. Ada na saa za vipindi vimebandikwa mlangoni kwao, anayetaka akasome. Mimi ni fundi cherehani, lakini tangu utotoni ninachokitaka ni kuchora, na kwa mtu wa kusini mwenye kiu hiyo njia ni chache. Chuo cha sanaa kiko Bagamoyo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nako wanafundisha, na kote huko ni zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa. Mimi nina mama anayenitegemea na wateja wasiosubiri. Niliposikia kuna mwalimu amefungua darasa la jioni, tena hapa hapa, nilifurahi mpaka nikakosa usingizi.

Na nisimdhulumu mtu. Penseli alitufundisha, tena vizuri kuliko nilivyotegemea.

Mwanzoni hatukugusa rangi kabisa. Aliweka chungu mezani akatuambia tuchore mdomo wake. Sote tukachora duara. Akauliza, "Hilo duara mmeliona wapi?" Na kweli, ukikaa kwenye kiti ukakitazama chungu kilicho mezani, mdomo wake si duara, ni umbo lililobanwa juu na chini. Ukikiteremsha sakafuni linapanuka, ukikipandisha mpaka usawa wa macho unabaki mstari tu. Tulikuwa tumechora tunachokijua, kwamba chungu kina mdomo wa mviringo, na macho yetu hayakuhusika. "Chora unachokiona, acha unachokijua." Maneno hayo ni yake. Yashikeni, maana ndiyo kesi yenyewe.

Akatufundisha kunyoosha mkono mpaka kiwiko kikaze, kufumba jicho moja na kupima kwa penseli: shingo ya chupa inaingia mara ngapi kwenye urefu wa chupa nzima. Wenzangu walilalamika kwamba wanachoka bega. Kwangu ilikuwa sawa na kumpima mteja kabla ya kukata kitambaa, nikajiona niko nyumbani. Akaleta kigoda, akatukataza kuchora miguu yake. Tuchore mianya iliyo kati ya miguu. Mwanya hauna jina kichwani mwako, kwa hiyo kichwa hakikuingilii, na ukimaliza mianya unakuta kigoda kimesimama chenyewe, miguu sawa kabisa.

Kisha yai. Yai juu ya karatasi nyeupe kando ya dirisha, jioni baada ya jioni, mpaka kuna kijana aliacha kuja. Mimi nililipenda lile yai. Kuna upande unaopokea mwanga, kuna unapofifia, kuna kiini cha kivuli, na chini kabisa kuna mwanga mdogo unaorudi kutoka kwenye karatasi. Karibu kila mtu hukoza ukingo wa chini kuliko sehemu zote, na yai linakuwa bapa. Ukiuacha ule mwanga unaorudi, linajaa, unatamani kulishika. Halafu kuna kivuli ambacho yai lenyewe linakiangusha mezani: hapo linapogusa karatasi ndipo peusi zaidi, kadiri kinavyokwenda mbali kingo zinalegea. "Finya macho," alikuwa anasema, na ukifinya macho vidude vidogo vyote vinapotea, linabaki giza na nuru. Hayo niliyapata kwa penseli za HB, 2B na 6B basi, kutoka ngumu mpaka laini, kwenye karatasi za rimu za stesheni.

Hata rangi alianza nayo vizuri. Nyeusi ya kwenye tyubu alitukataza. Alisema ngozi zetu ukizipaka kahawia na nyeusi zinakufa. Mweke mtu karibu na mlango umtazame: paji la uso limepokea bluu ya anga, chini ya kidevu pamepokea rangi ya kanga aliyojifunga. Giza tulilipata kwa kuchanganya bluu iliyokoza na kahawia ya udongo. Rangi hizo hizo mbili ukizitia nyeupe zinatoa kijivu cha kila namna, cha ubaridi bluu ikizidi, cha joto kahawia ikizidi. Nilirudi nyumbani nikamkalisha mama mlangoni nikamtazama mpaka akauliza kama nina shida. Ningeandika maoni haya wiki ile, ningewaambia uzeni hata kuku mje.

Sasa Mikindani.

Tulikwenda asubuhi, darasa zima. Kutoka mjini si mbali, kilomita kama 10. Tukajipanga ufukweni, chini ya Boma la Wajerumani lililojengwa 1895. Maji yalikuwa yamekupwa. Wanaoijua Mikindani wanajua maji yakitoka ghuba inavyokuwa: tope linalong'aa mpaka kwenye mikoko, mashua zimelala ubavu, wanawake wanatembea mbali wakitafuta vitu vya baharini. Na siku hiyo kulikuwa na wingu. Hapakuwa na kivuli kikali popote, ni kijivu juu ya kijivu, na ndani ya kijivu hicho kuna kijani, kuna zambarau, kuna rangi ya maziwa ya mgando pale maji yalipobaki kwenye vidimbwi. Nilifinya macho, nikaona nafundishwa na Mungu mwenyewe.

Nilipaka kwa saa nyingi. Akriliki, rangi ya kuchanganya na maji, kwenye joto letu ni kazi, inakauka kwenye sahani kabla hujaipeleka ubaoni, ikabidi nitandike kitambaa kibichi chini ya rangi na kurushia maji kila mara. Lakini tope lilikuja. Nawaapia, lilikuja. Mama mmoja muuguzi mstaafu aliyekuwa kando yangu aliniambia, "Mwanangu, hapa miguu inazama." Sijawahi kusifiwa nguo yoyote niliyoshona nikasikia vile.

Mwalimu akaja akasimama nyuma yangu.

"Binti, hii ataninunulia nani?"

Nikamwambia, "Sijamaliza, mwalimu."

Hakusema naomba. Hakusema nipishe. Alinitoa brashi mkononi, akaichovya kwenye rangi ya chungwa jinsi ilivyotoka kwenye tyubu, akaiburuta kwenye anga langu kutoka pembe mpaka pembe. Katikati ya mdomo wa ghuba akaweka jua, jekundu, la duara. Pembeni akasimamisha minazi miwili kwa nyeusi. Nyeusi ile ile! Na pale mashua zangu zilipolala akapitisha jahazi lenye tanga lililojaa upepo, juu ya tope, mahali ambapo siku hiyo mtoto angetembea bila kulowa magoti.

Nilisema, "Mwalimu, jua haliko pale."

Nisaidieni, wenyeji. Pwani yetu inatazama mashariki. Ukisimama ufukweni Mikindani ukaangalia mdomo wa ghuba, jua la jioni liko mgongoni kwako, linashukia bara, nyuma ya vilima na mibuyu. Halijawahi kuzama pale alipoliweka, na halitazama. Mtoto yeyote wa pale anakuonyesha kwa kidole. Na huyu ni mtu aliyetukalisha na yai jioni zote zile ili tujue mwanga unatoka wapi! Ameweka jua kubwa, na hakuna kitu hata kimoja kwenye picha kilichoangusha kivuli, kwa sababu vitu vyangu vilikuwa chini ya wingu.

Alinijibu bila kunitazama. "Watalii wanataka hivi. Wewe mkono wako wa kuchonga, unachimba badala ya kupaka. Rudini kwenu Newala mkachonge."

Wengine wakacheka.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mchongaji, huko huko Newala. Nimekua nikiokota mabanzi ya mpingo miguuni pake. Anayesema "mkachonge" kama tusi hajawahi kutazama kipande kimoja cha Kimakonde kwa zaidi ya kukiuliza bei. Gogo moja, watu wamebebana kutoka chini mpaka juu, na hakuna kilichoungwa kwa gundi. Mpingo una moyo mweusi na ganda jeupe, na mchongaji anaamua mapema ni wapi ganda hilo libaki. Hana kifutio. Lazima aone umbo pande zote, nuru yake na giza lake, kabla ya kugusa. Kama hiyo si misingi ya kuchora, misingi ni nini? George Lilanga alikuwa Mmakonde, alianza kwa kuchonga ndipo akaja kwenye rangi, na mpaka anafariki mwaka 2005 kazi zake zilishatundikwa Ulaya na Marekani.

Na msiniambie nachukia biashara. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru, majirani zetu hapo tu, akapaka kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya hadibodi, akawauzia wageni Dar es Salaam, na mpaka leo watu wanakula kwa jina lake. Mnyama wa Tingatinga hadai kwamba ndivyo simba alivyo porini. Ni pambo, na pambo lina heshima yake. Mimi nilikuwa nimeambiwa nichore ninachokiona.

Akriliki ikishakauka maji hayaitoi tena. Aliponirudishia brashi, tope langu lilikuwa limekwisha.

Yule muuguzi mstaafu aliniambia baadaye kwamba hata yeye alishamaliziwa picha, sahani ya maembe, na alifurahi, akaitundika sebuleni. Nami sina haki ya kumpunguzia furaha yake. Pengine wengi wanaokuja pale wanataka hasa hivyo, waondoke na kitu cha kuonyesha wageni. Kwao darasa ni zuri. Jirani yangu ana kijana anayechora kila kwenye karatasi tupu ya daftari, akaniuliza ampeleke? Nikamwambia ampeleke apate penseli, apate chungu na kigoda na yai, na siku watakayotoa tyubu za rangi amwondoe. Huo ndio ulikuwa uamuzi wangu, na nilidhani ni wa haki.

Mpaka nilipopita pale kuchukua vitu vyangu.

Picha iko ukutani, upande wa dirisha, kwenye zile za kuuza. Ina bei. Na chini kulia, kwa rangi nyeupe, kuna jina lake.

Nilimuuliza kijana wa mapokezi. Akasema, kwa upole kabisa, kijana hana kosa, "Dada, ubao ni wa darasa, na mwalimu ndiye aliyemalizia." Nikaomba kumwona mwalimu. Ana kazi. Nikasema nitasubiri. Nilisubiri mpaka wakafunga madirisha, nikisikia sauti yake chumba cha pili akimwambia mtu afinye macho.

Kwa hiyo hapana, yale ya kijana wa jirani nayafuta. Nimeshamwambia mama yake asimpeleke. Chungu kipo kila nyumba. Yai shilingi mia kadhaa, ukishalichora unalila. Kaa chini, nyoosha mkono, pima. Jumapili mchana huyo kijana anakuja barazani kwangu, tunachora mianya ya viti, na jana alipata mwanga unaorudi bila kuambiwa. Sijui kufundisha rangi za mafuta wala mengi mengine ambayo yule mwalimu anayajua, na linaniuma kwamba anayajua. Angekuwa mbumbumbu ningeshasahau.

Ninyi wa darasa lile, najua mnasoma maoni, kwa sababu mlijibu la mtu aliyelalamikia choo. Basi nijibuni na mimi. Ubao ni wenu, sawa, nitaleta hadibodi mpya ya kipimo hicho hicho pamoja na hela ya rangi mliyotumia. Mnipe picha. Jua nitalifunika mwenyewe kwa bluu, kahawia na nyeupe, nilivyofundishwa hapo hapo. Ila jina lililo chini kulia silifuti mimi. Alifute yeye aliyeliandika, nikiwa nimesimama hapo namwona.